Kufunga darubini ya kuwindia kwenye stendi ya miguu mitatu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa wawindaji wenye leseni, wawindaji bingwa na watafuta nyayo wao, askari wa wanyamapori na waongoza wageni wanaofanya kazi Liwale, Nachingwea, Masasi na Nanyumbu. Mwenye haraka achukue hili: hakikisha darubini yako ina tundu la nyuzi, tafuta kishikizi kinacholingana nalo, kisha fedha kubwa iende kwenye kichwa cha stendi, yaani sehemu ya juu inayobeba na kuzungusha darubini, kabla hujawaza darubini yenye nguvu zaidi.

Darubini yangu ni ya 10x42 (inakuza mara 10, lenzi ya mbele ni milimita 42) na naishika vizuri tu. Stendi ya nini?

Kwa kumwona mnyama, mkono unatosha. Kwa kumtambua, mara nyingi hautoshi. Mapigo ya moyo, pumzi na uchovu wa bega vyote hufika kwenye lenzi, na darubini inayokuza mara 10 inakuza mtikisiko huo mara 10 vilevile. Nyati dume aliyesimama kivulini mita 200 utamwona kwa mkono. Ila kujua kama kipaji cha pembe zake kimekomaa na kushikana, au katikati bado kuna ngozi laini yenye nywele, kunataka picha iliyotulia. Kwa simba uzito ni mkubwa zaidi, maana kanuni za uwindaji wa kitalii nchini zinataka dume wa miaka 6 na kuendelea. Umri huo unasomwa kwenye madoa ya pua, makovu ya uso na ujazo wa manyoya ya shingo, na hakuna hata kimoja kinachosomeka kwenye picha inayocheza.

Kuna faida nyingine isiyotajwa sana: uvumilivu. Kwa mikono mitupu watu wengi huishusha darubini baada ya dakika chache. Ikiwa kwenye stendi, mtu anakagua bonde zima akiwa amekaa.

Nguvu ipi inafaa huku kwetu: 8, 10, 12 au 15?

Miombo mingi ya Liwale na Nachingwea haikupi nafasi ya kuona mbali. Miti yenyewe inakuzuia kabla darubini haijafika mwisho wa uwezo wake. Hapo 8x42 au 10x42 ndiyo kazi. 15x56 inajilipa kwenye mbuga zilizo wazi, juu ya vilima vya mawe na kando ya Ruvuma, pale unapotazama ng'ambo ya mchanga mpana. Isipofungwa kwenye stendi, 15x56 ni mzigo tu: ina uzito wa zaidi ya kilo moja na picha yake mkononi haitulii.

Fanya hesabu ndogo kabla ya kununua. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji. Jibu ni upana wa mwali wa mwanga unaofika jichoni: 8x42 inakupa milimita 5.25, 10x42 inakupa 4.2, na 15x56 inakupa 3.7. Alfajiri na magharibi mboni ya jicho inapanuka, hivyo namba kubwa inakupa picha yenye nuru zaidi. Angalia na upana wa eneo unaloonekana: kwa umbali wa mita 1,000, 10x42 nyingi huonyesha upana wa mita 110 hivi, na 15x56 hushuka kwenye mita 75 hadi 80. Ukuzaji ukipanda, eneo linapungua na kazi ya kutafuta inaongezeka.

Nitajuaje kama darubini yangu inafungika?

Tazama mbele, kwenye ncha ya bawaba inayounganisha mirija miwili. Nyingi zina kifuniko kidogo cha mviringo, mara nyingine chenye nembo ya kampuni. Kizungushe kinyume cha saa. Kikigoma usikikimbilie kwa koleo. Kizungushie kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, shika kwa vidole, zungusha tena. Chini yake utakuta tundu la nyuzi, karibu siku zote la robo inchi lenye nyuzi 20 kwa inchi, lilelile la kamera.

Kikiwa hakizunguki kabisa, huenda si kifuniko, ni pambo lililobandikwa. Darubini kadhaa, zikiwemo za bei kubwa, hazina tundu hilo. Zinatumia kishikizi cha kukalia chenye mkanda, kinachoelezwa hapa chini. Usitoboe bawaba.

Kuna aina ngapi za vishikizi, na nichukue kipi?

Cha kwanza ni cha umbo la L. Bolti yake inaingia kwenye tundu la bawaba, na mguu wake wa chini unakaa kwenye stendi. Ni rahisi, kinapatikana, kinafaa darubini nyingi. Ubaya wake ni kwamba kila unapotaka kuichukua darubini mkononi unafungua bolti, na mnyama hasubiri.

Cha pili ni cha kijiti. Kijiti kifupi cha chuma kinafungwa kwenye tundu na kubaki humo msimu mzima, na stendi ina kikombe cha kukipokea chenye kibanio. Unadumbukiza, unabana, unatazama. Unataka kusogea, unachomoa. Kwa mtu anayetembea na mtafuta nyayo siku nzima, hiki ndicho chetu cha kwanza. Kabla ya kununua kunja darubini hadi upana wa macho yako uone kama kijiti hakigusi mirija, hasa kama macho yako yamekaribiana.

Cha tatu ni cha kukalia. Darubini inalala kwenye bamba lililochongwa na kufungwa kwa mkanda. Hakihitaji tundu. Lakini mkanda wa kunasa ukishaingia mbegu za nyasi na vumbi unapoteza mshiko, na mkanda wa mpira hukakamaa kwa jua. Chukua wenye kifungo.

Vipo pia vya sumaku. Ni vya haraka sana, ila kwenye gari linalorukaruka hatuviamini.

Nimenunua bolti duka la vifaa vya ujenzi. Inaingia lakini inacheza.

Umepewa M6, bolti ya vipimo vya milimita. Kwa macho zinafanana: M6 ina kipenyo cha milimita 6, ya robo inchi ina 6.35. Hatua za nyuzi nazo ni tofauti, milimita 1 kwa M6 na 1.27 kwa robo inchi. Ndiyo maana M6 inazunguka kirahisi raundi mbili tatu, kisha inakwama au inacheza. Ukiilazimisha, uzi wa bawaba unakufa, na bawaba si nati ya kununua nyingine.

Mtego wa pili ni bolti za robo inchi zenye nyuzi 28, zinazopatikana kwa mafundi wa magari na pikipiki. Nazo haziingii sawasawa. Uliza robo inchi nyuzi 20. Kwa kipimo hiki, nyuzi za zamani za Kiingereza na za Kimarekani zote ni 20 kwa inchi, na kwa kazi hii zinaingiliana bila shida. Nenda dukani na kishikizi au stendi yenyewe, ujaribu palepale kaunta.

Stendi kubwa nyingine zina bolti ya juu ya inchi tatu ya nane, nyuzi 16. Hapo kuna kibushi kidogo cha kupunguzia hadi robo inchi. Beba viwili, ni vidogo na vinapotea.

Fundi wa kuchomelea anaweza kunitengenezea kishikizi cha L?

Anaweza, na kikitengenezwa vizuri kinashinda vingi vya plastiki vinavyouzwa. Tena kuagiza Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara mjini, na kikija kisicholingana umerudi mwanzo.

Anza na vipimo vitatu. Weka darubini kwenye upana wa macho yako halafu pima nafasi iliyobaki kati ya mirija miwili mbele. Kwa 42 nyingi huwa kidogo kuliko watu wanavyodhani, mara nyingi milimita kumi na kitu. Pima kina cha tundu: ingiza njiti ya kiberiti hadi igote, weka alama kwa ukucha, ilaze kwenye rula. Mwisho pima umbali kutoka ncha ya bawaba hadi pale darubini inapojisawazisha ukiilaza juu ya kidole.

Mkono wa kusimama uwe wa chuma cha mraba cha milimita 12, urefu wa sentimita 10 hadi 12. Kama nafasi kati ya mirija ni ndogo kuliko hiyo, tumia bolti ndefu kidogo ili mkono usimame mbele ya lenzi badala ya katikati yake. Toboa tundu la milimita 6.5 juu. Chini chomelea bamba la milimita 5, upana 25 na urefu 70 hivi, likielekea nyuma chini ya darubini. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea: wakilielekeza mbele, uzito wote wa darubini unabaki nyuma ya stendi na kichwa kinainama kuelekea kwako kila ukilegeza. Tundu la kupokea bolti ya stendi liwe pale ulipopata kwamba darubini inajisawazisha. Litobolewe kwa drili ya milimita 5.1 kisha likatwe nyuzi 20, au kama fundi hana kifaa hicho, achomelee nati.

Bolti ya juu itokeze kiasi cha kina cha tundu ukitoa milimita moja. Ikizidi, itagota ndani na kishikizi kitabaki kinacheza hata ukikaza kwa nguvu zako zote. Kati ya chuma na bawaba weka washa ya plastiki ngumu iliyokatwa kwenye dumu. Mpira wa tyubu hapana, unadunda. Kaza kwa vidole tu, spana iache sandukuni. Kazi ya moto na mashine ya kukatia ifanyike darubini ikiwa mbali. Cheche zinatoboa lenzi vidoa visivyotoka.

Kichwa kipi cha stendi?

Kwa kukagua eneo, cha mafuta, yaani kile chenye mkono mmoja na grisi nzito ndani, kinachozunguka kulia na kushoto na kuinama bila kurukaruka. Unafunga mwinamo, unazungusha polepole, picha inateleza. Kidogo kinachobeba kilo 2 hadi 4 kinatosha hata kwa 15x56.

Kichwa cha gololi ni chepesi na kinasawazisha haraka kwenye ardhi ya mteremko. Tatizo lake ni kwamba ukilegeza, kila upande unalegea pamoja, na darubini inaanguka kichwa. Ukikitumia, kipate chenye kirekebisho cha msuguano na kirekebisho cha kuzunguka peke yake chini. Vichwa vya plastiki vinavyokuja na stendi za simu usivihangaikie.

Bamba la kishikizi haliingii kwenye kichwa changu.

Mifumo ya mabamba na vibanio vya vichwa haiingiliani. Ulioenea zaidi ni wa Arca-Swiss, wenye kingo za mshazari na upana wa milimita 38 hivi. Mwingine unaoonekana sana ni RC2 wa Manfrotto. Chagua mmoja uweke kwenye vifaa vyako vyote. Sisi hushauri Arca, na kibanio cha kukaza kwa kuzungusha badala ya cha mkono wa kupindua, kwa sababu mabamba ya watengenezaji tofauti hupishana kidogo kwa upana na cha kuzungusha kinavumilia tofauti hiyo.

Miguu iwe na urefu gani?

Inategemea unakaa au unasimama. Mwanzoni mwa kiangazi, kabla moto haujapita, nyasi zinazidi kimo cha mtu na kukaa chini hakukuonyeshi kitu. Baada ya kuungua, kukaa ndiko bora: stendi fupi ni imara zaidi na huonekani kirahisi.

Kwa kusimama, pima kimo cha macho yako, toa sentimita 20 hadi 25 za kichwa na kishikizi. Mwenye macho yaliyo mita 1.60 juu anahitaji miguu ya kama mita 1.35 bila kuinua nguzo ya katikati. Nguzo hiyo ikiinuliwa unakuwa umesimamisha mguu mmoja juu ya mitatu. Bora stendi isiyo nayo, au yenye fupi.

Vipande vitatu kwa kila mguu ni imara kuliko vinne, ila vinne vinakunjika vifupi kwa mtu wa pikipiki. Aluminiamu inavumilia kugongwa, kaboni ni nyepesi na haitetemi sana. Kwa kichuguu, ambacho huku ndicho mnara wetu wa kawaida, hakikisha kila mguu unapanuka peke yake kwa pembe tofauti. Na kabla mtu hajauliza: mpingo haufai kwa miguu ya stendi. Ni mti mzuri kwa zumari na kinyago, lakini unazama majini kwa uzito, nani ataubeba?

Nimenunua kila kitu na bado picha inatikisika. Tatizo liko wapi?

Lenga tawi kavu lililo mbali, gonga mguu mmoja kwa kidole, angalia picha inatulia baada ya muda gani. Ikizidi sekunde mbili kuna kiungo kinacholegea. Kitafute kutoka chini kwenda juu, ukishika sehemu mbili zinazokutana na kuzisukuma kinyume: vifungo vya miguu, bega la miguu, nguzo ya katikati, kichwa, bamba, kishikizi, kisha bawaba yenyewe. Mara nyingi mkosaji ni bolti iliyo chini ya bamba, ambayo watu hukaza siku ya kununua wakaisahau. Pale isipohitaji kufunguliwa, tone dogo la gundi ya nyuzi ya bluu linamaliza kazi. Nyekundu usitumie, haitoki bila moto. Na gundi hiyo isiguse plastiki.

Bawaba iliyolegea ni habari nyingine. Mirija ikikunjika yenyewe kwa uzito wake, hakuna kishikizi kitakachosaidia hadi ikazwe na fundi wa darubini.

Vipande vyote vikiwa sawa, mtikisaji ni wewe. Usiegemeze paji la uso kwenye darubini, na usiache mkono juu yake. Msimu wa kusi unapovuma, punguza urefu, panua miguu, ondoa mkanda wa shingoni unaopeperuka, ning'iniza begi katikati ya stendi likiwa limegusa ardhi kidogo. Likining'inia hewani linabembea na kuongeza tatizo.

Ndani ya gari je?

Zima injini kwanza. Kwenye magari ya kuwindia yaliyo wazi, kibanio chenye taya za mpira kinafungwa kwenye bomba la kushikia, na kichwa kidogo kinakaa juu yake. Lakini mtu mmoja nyuma akihama mguu picha inaondoka, hivyo kibanio hakishindi stendi iliyo ardhini.

Mfuko wa nafaka ni wa bei nafuu na mara nyingi unatosha kwa 10x42. Shona turubai ya sentimita 25 kwa 35, jaza mbaazi kavu theluthi mbili tu ili utulie na kushika umbo. Ufuta ni mdogo mno, unapenya kwenye mshono. Mchele unavuta unyevu wa pwani na kuota ukungu. Kumbuka gari ni la kutazamia: kuwinda kutoka kwenye gari ni kosa kisheria.

Magongo matatu ya kuegemezea bunduki hayatoshi?

Kwa kuangalia haraka, yanatosha. Fungua magongo, weka darubini kwenye makutano, bana kwa kiganja. Yanapunguza mtikisiko bila kubeba kitu cha ziada. Hayafai kwa kukagua bonde kwa nusu saa, kwani mikono yote miwili inabaki kazini.

Mchanga na chumvi vinaharibu nini?

Vifungo vya kuzungusha vinanasa mchanga. Ukisikia unakwaruza, simama, fungua, pangusa, usilazimishe. Vya kupindua vinavumilia mchanga zaidi lakini skrubu zake hulegea, na spana ndogo ya pembe sita iwe mfukoni. Kwenye mchanga wa Ruvuma weka kifuniko cha kopo chini ya kila mguu, la sivyo stendi inazama upande mmoja polepole na mstari wa macho unahama.

Anayeitumia stendi hiyohiyo pwani, Msimbati au Mikindani, kutazama nyangumi au ndege, aioshe siku hiyohiyo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, miguu ikiwa imechomolewa yote, na aikaushe ikiwa wazi kivulini. Chumvi ikikaa kati ya kaboni na aluminiamu hula aluminiamu. Bolti ya chuma kisichoshika kutu ndani ya aluminiamu nayo hung'ang'ania, hivyo paka grisi kidogo. Grisi isifike kwenye vibanio vya ndani vya miguu; itateleza.

Mbona saa sita mchana picha inachemka hata kwenye stendi?

Hiyo ni hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, na ukuzaji mkubwa unaionyesha zaidi. Hakuna stendi inayoiponya. Kazi ya 15x ifanyike kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, kisha kuanzia saa kumi alasiri. Katikati ya siku rudi kwenye 8 au 10, tazama vivuli vilivyo karibu, au panda juu ili usitazame sambamba na ardhi.

Nikishafunga, nikague vipi?

Rekebisha kwanza tofauti ya macho kwenye kioo cha kulia, kabla ya kufunga. Anza upande mmoja, funga mwinamo, acha picha isimame, kisha *macho* ndiyo yatembee ndani yake, kutoka ukingo hadi ukingo. Sogeza theluthi mbili ya upana, rudia. Ukimaliza mstari, shusha kidogo urudi. Usitafute nyati mzima wala pofu mzima. Tafuta mstari wa mlalo penye miti ya wima, sikio linalopiga, mkia, mguu wa kongoni. Ukihisi kitu, usiiguse stendi. Subiri dakika moja kitikisike chenyewe.

Rangi ya stendi ina maana?

Ina maana kwa mbung'o, ambao huvutwa na bluu na nyeusi. Zungushia miguu utepe wa kitambaa wa kaki. Hutaungua mkono saa nane mchana, na chuma hakitalia kikigonga jiwe. Mabakabaka ya kijeshi yaepuke, kwa begi na kwa nguo. Raia akikutwa nayo ana maelezo ya kutoa.

Nikiwa na darubini na stendi tu, bila bunduki, nahitaji kibali?

Ndani ya pori la akiba, ndiyo. Kuingia Lukwika-Lumesule au Msanjesi bila kibali ni kosa hata ukiwa mikono mitupu, na vibali vinashughulikiwa na TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019, hairuhusu uwindaji wa aina yoyote. Darubini humo ni ya utalii wa kutazama. Kwenye maeneo ya jumuiya za vijiji, kama upande wa Liwale, anzia ofisi ya jumuiya husika na ofisi ya wanyamapori ya wilaya, ukiwa na kitambulisho na leseni yako kama unayo.